Mbuyu, majabali na mwanga: jinsi ya kutengeneza picha ya vioo Dodoma

Mwongozo huu ni wa picha moja ya vioo, sentimita 40 kwa 60, ya kutundika dirishani. Ni vipande vya vioo vya rangi vilivyogundishwa juu ya kioo kimoja angavu, kisha mianya kati yake ikazibwa kwa grauti, ule unga wa saruji wa kujazia mianya ya vigae. Hauhitaji tanuri wala umeme. Vifaa vinapatikana Dodoma mjini, na sehemu kubwa ya vioo vyenyewe ni mabaki ambayo mwenyewe anatafuta pa kuyatupa. Ukifanya jioni na mwisho wa wiki, hesabu wiki tatu, na siku kumi au zaidi kati ya hizo ni za kusubiri tu vitu vikauke. Usiziruke. Kazi nyingi za vioo huharibikia kwenye kusubiri.

Anza na sentensi

Wengi huanza na mchoro wa mbuyu kwa sababu mbuyu unapendeza, wakamaliza na mbuyu unaopendeza, basi. Kama unataka kazi ibebe unachokiamini, kiandike kwanza kwa sentensi moja, maneno yasizidi kumi. Halafu jiulize swali la kifundi: katika sentensi hii, mwanga upite wapi na uzuiwe wapi? Picha ya vioo haina wino, ina mwanga uliopita na mwanga uliozuiwa. Imani isiyoweza kujibu swali hilo inaweza kuwa nzuri sana, ila itafaa zaidi kwenye kanga.

Chukua mfano wa "hata mbuyu ulianza kama mchicha". Njia nyepesi ni mti mkubwa katikati na kimche pembeni. Sasa iulize methali kuhusu mwanga. Kama unaamini kwamba kikubwa ni kile kidogo kilichovumilia, basi mche ndio uwake na mti ufifie. Shina likatwe kwenye chupa za kahawia iliyokolea, na kule chini kwenye kona usimame mche wa sentimita nne wa kioo cha kijani chepesi kuliko vyote ulivyonavyo. Jua la asubuhi likiingia, jicho linakwenda kwenye mche kwanza, na mti linauona baadaye. Hapo umeisema methali bila kuandika neno.

Maumbile yenyewe yanakusaidia. Mbuyu mkubwa una majani yaliyogawanyika kama vidole vya mkono, vitano hadi saba. Mche wake haunayo. Majani yake ya kwanza ni mazima, ndiyo maana watu wanaupita porini bila kujua kwamba ni mbuyu. Ukiuchora mche na majani ya vidole umekosea mmea na umeiharibu methali pia. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nenda ukauangalie mti, usitegemee picha ya simu. Angalia na majira. Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba na kuisha karibu na Aprili. Miezi ya katikati ya mwaka mbuyu uko mtupu, matawi yanaonekana kama mizizi iliyogeuzwa juu. Amua unachora mwezi gani, maana mbuyu wenye majani mengi na ardhi iliyokauka havikai kwenye picha moja.

Ukipata nafasi ya kufika Kondoa, kwenye michoro ya miambani ya Kolo, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, angalia jinsi wachoraji wale walivyoshika mnyama au mtu kwa rangi moja na umbo la nje peke yake. Hakuna macho wala vivuli, na bado unamtambua pofu au twiga. Kioo kinataka hivyohivyo. Kipande kimoja kina rangi moja, kinachosema ni ukingo wake. Usiiguse michoro yenyewe, mafuta ya vidole yanaiharibu.

Umbo linalokatika na lisilokatika

Hapa ndipo mchoro mzuri wa karatasi unapokwama. Kioo hupasuka kwa kufuata mkwaruzo, na kinapenda kwenda moja kwa moja. Mstari ulionyooka ni rahisi. Mpindo unaotoka nje, kama mgongo wa kobe, ni rahisi pia kwa sababu unaweza kuondoa ziada kidogo kidogo. Mpindo unaoingia ndani, kama mdomo wa bakuli, ni mgumu, na kona kali inayoingia ndani haikatiki kwa mkono kabisa, hata ubembeleze vipi.

Bahati nzuri Dodoma imejaa mipindo ya kutoka nje. Majabali yale ya mviringo yaliyobebana vilimani ni zoezi zuri kuliko yote kwa anayeanza: kila jiwe ni kipande kimoja, na ufa kati ya jiwe na jiwe ni mwanya wa grauti ambao ungeuweka hata hivyo. Anza na majabali, mbuyu uje baadaye.

Mbuyu una panda, pale matawi yanapoachana, na panda ni kona inayoingia ndani. Usijaribu kuikata kwenye kipande kimoja. Pitisha mwanya katikati ya panda yenyewe, tawi la kushoto liwe kipande chake, la kulia chake, na shina chake. Anga lililo kati ya matawi nalo lina ncha kali inayoshuka kwenye panda. Ikate ncha hiyo butu kwa milimita 5 na uiachie grauti ijaze. Mtazamaji hatajua, na kioo chenye ncha ndefu kama sindano huvunjika kabla hakijafika kwenye gundi.

Kanuni ya kukagua mchoro: pitisha kidole kwenye ukingo wa kila kipande. Kila mahali kidole kinapoingia ndani zaidi ya robo ya upana wa kipande, gawa kipande hicho mara mbili. Kwa picha ya ukubwa huu utafika vipande 60 hadi 90. Vikizidi 120 grauti itameza rangi.

Kukusanya vioo

Tangu Serikali ihamie Dodoma ujenzi haujapoa, na kila fundi wa madirisha ya aluminiamu ana rundo la mabaki nyuma ya karakana. Omba vipande vya milimita 3 au 4. Utapata vyeupe, vya kahawia ya shaba, vya bluu, vya kijani, na vile vya maua ambavyo watu huweka chooni. Cha maua ni hazina: kinatawanya mwanga, kinafaa kwa wingu la mvua au maji. Kioo cha kujitazamia usikichukue, hakipitishi mwanga.

Muulize fundi kama kipande ni kioo kilichokomazwa kwa moto, kile cha milango ya bafu, meza na madirisha ya pembeni ya magari. Hicho hakikatwi. Ukikikwaruza na kukibonyeza kinasambaratika chote kuwa chembechembe. Mara nyingi kina chapa ndogo kwenye kona. Lakini kikiwa kimeshavunjika ni mali: gereji nyingi zina chembe za kioo cha mlango wa gari zimezagaa chini. Osha gao moja, utapata punje za karibu milimita 4 zinazomeremeta. Hizo ni nyota, au mtama.

Chupa za mvinyo, ambazo mji wa zabibu haukosi, ni za kijani. Za bia ni za kahawia, ila kwa kuwa hurudishwa na kreti, tafuta zilizopasuka mdomo. Nyekundu hutaipata. Kioo chekundu cha kweli hutengenezwa kwa madini ghali, na kile cha taa za nyuma za gari siku hizi ni plastiki. Tutaipata nyekundu kwa njia nyingine.

Vya kununua ni kioo angavu cha milimita 5 cha sentimita 40 kwa 60, kikatio cha kioo chenye gurudumu dogo, koleo mbili zenye mdomo bapa, tyubu moja ya silikoni angavu (gundi inayokauka ikawa kama mpira) ya mililita 300 hivi na bunduki yake ya kuikamulia, grauti ya vigae kilo moja ya kijivu na kilo moja nyeusi, gramu 100 za ile rangi nyekundu ya unga wanayochanganyia sakafu, msasa wa maji namba 120 na 220, selotepu ya karatasi, spiriti nusu lita, sponji, wembe, na mafuta ya cherehani. Miwani ya kazi na viatu vya kufunika si hiari. Kandambili hapana.

Kukata

Andaa meza iliyonyooka na utandike blanketi jembamba au magazeti manene. Futa kioo kwa spiriti. Kwa vumbi letu, hasa Julai na Agosti upepo unapovuma, hatua hii ina uzito kuliko inavyoonekana: chembe moja ya mchanga hurusha gurudumu, mkwaruzo unaacha pengo, na kioo kitapasukia kwenye pengo hilo na kwenda kinakotaka.

Nakili mchoro kwenye karatasi ngumu na uikate nakala hiyo vipande, kila kimoja na namba yake, kisha punguza milimita 1 kuzunguka kingo zote. Hiyo ndiyo itakayokupa mwanya wa milimita 2 kati ya kipande na kipande. Lalisha karatasi juu ya kioo na ufuatishe kwa makapeni.

Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye gurudumu. Shika kikatio kikiwa wima, simama, na kokota kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi ukingo wa pili bila kusimama. Sikiliza. Mkwaruzo mzuri unatoa sauti kama kitambaa kinachochanwa polepole, na unaacha mstari mwembamba ambao ni lazima uinamishe kioo ili uuone. Mstari mweupe wenye unga na vimagamba vinavyoruka maana yake umekandamiza mno. Ukimya maana yake hujakandamiza, au gurudumu limechoka. Usirudie mstari juu ya mstari. Kurudia kunatafuna gurudumu na kutengeneza nyufa ndogo pembeni zitakazotoroka na kipande chako.

Vunja palepale, usiache hadi kesho. Shika kioo kwa mikono miwili, vidole gumba juu, sambamba pande zote za mkwaruzo, ngumi zikiwa chini zimegusana. Zungusha viganja kwa nje kama unayemega muhogo mbichi. Kama upande mmoja ni mwembamba kuliko sentimita 2, ushike kwa koleo. Mpindo wa jabali unataka kwanza mkwaruzo wa mpindo wenyewe, halafu mikwaruzo mifupi mitatu au minne inayotoka kwenye mpindo kwenda nje. Toa kipande kimoja kimoja kwa koleo ukianzia pembeni. Anayetaka kuutoa mpindo wote kwa mkupuo mmoja atapoteza kioo.

Sugua kingo zote kwa msasa namba 120 uliolowa maji. Si lazima zing'ae, zinatakiwa zisikate tu. Maji ni ya lazima kwa sababu unga mkavu wa kioo ukivutwa puani unaumiza mapafu. Ukimaliza kazi pangusa meza kwa gazeti bichi, na vile visindano visivyoonekana sakafuni viokote kwa bonge la ugali uliopoa, ukilikandamiza polepole. Bonge hilo lifunge na ulitupe mahali kuku hawafiki.

Chupa

Kioo cha chupa kimepinda, na watu wengi hukikatia tamaa kwa sababu kinacheza juu ya kioo bapa. Lakini kimepinda upande mmoja tu. Kwa urefu wa chupa kimenyooka. Kwa hiyo kata vibanzi vya wima. Chupa ya mvinyo ina kipenyo cha karibu milimita 75. Kibanzi cha upana wa milimita 15 kinaacha nafasi isiyofika milimita 1 katikati, na silikoni inaijaza. Kibanzi cha milimita 30 kinaacha karibu milimita 3, hapo utaona pango la hewa na silikoni haitakauka. Milimita 15 ndiyo mwisho, urefu wowote.

Ondoa shingo na kitako kwanza: kwaruza duara kuzunguka chupa, mwagia maji ya moto juu ya mkwaruzo, kisha maji baridi, rudia mpaka ikatike. Ya kwanza na ya pili huenda vibaya kwa karibu kila mtu, kwa hiyo andaa nne. Silinda iliyobaki ikwaruze wima kwa nje na uigonge taratibu kwa ndani, chini ya mkwaruzo, kwa kitu cha chuma chenye kichwa cha mviringo.

Vibanzi vya kahawia vikisimamishwa sambamba vinatoa shina la mbuyu bila jitihada. Mikunjo ya gamba inajitokeza yenyewe kwa sababu kila kibanzi ni kizito pembeni na chepesi katikati. Hapo kasoro ya chupa inakuwa faida.

Ukiwa na tanuri la umeme la ufinyanzi unaweza kuvilaza vibanzi vipana. Pandisha nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa hadi 540, endelea hadi 760 na ukae hapo dakika 10, shuka hadi 540 na ukae saa nzima, kisha shuka nyuzi 50 kwa saa hadi 400, zima, na usifungue mlango mpaka tanuri lifike chini ya 60. Umeme ukikatika wakati wa kupanda hakuna hasara, anza upya. Ukikatika wakati wa kushuka acha mlango umefungwa na uombe tanuri liwe na kuta nene. Na usiyeyushe chupa pamoja na kioo cha dirisha viwe kitu kimoja. Vinatanuka kwa kiwango tofauti, vitatoka vizima na vitapasuka mezani baada ya siku kadhaa.

Vumbi na mwezi

Anga la Dodoma lina vumbi jioni, na ukitaka vumbi hilo usitafute rangi. Chukua kioo cheupe au cha shaba, kimwagie maji, usugue uso wake kwa msasa namba 120 kwa miduara mpaka uwe na ukungu. Ndani ya dakika kumi una mwanga laini usioonyesha kilicho nyuma. Mwezi unafanywa vivyo hivyo.

Upande wenye ukungu lazima ukae juu, ukitazama hewa. Ukiugeuzia kwenye silikoni, silikoni inajaza mikwaruzo na ukungu unafutika karibu wote. Na kabla ya kuweka grauti ufunike kwa selotepu ya karatasi, kwa sababu grauti ikiingia kwenye mikwaruzo hiyo haitoki.

Kugundisha

Lalisha mchoro mezani, juu yake weka kioo angavu cha milimita 5 kilichopanguswa kwa spiriti. Mchoro unaonekana kupitia kioo, hivyo unafuata tu. Weka selotepu kuzunguka pembezoni mwa kioo kwa upana wa milimita 12, huko hakuwekwi kitu, ndipo fremu itakaposhika. Panga vipande vyote vikavu kwanza. Kisha mwombe mtu mkiinue kioo pamoja, mkielekeze angani na kukitazama. Rangi iliyopendeza juu ya karatasi nyeupe mezani inaweza kuwa nyeusi tii dirishani, na kubadili kipande sasa ni bure.

Silikoni zipo za aina mbili. Inayonuka kama siki inashika kioo vizuri sana na inafaa kwa kazi hii. Isiyonuka inahitajika tu kama utaweka kitu chenye chuma au madini ya fedha, maana ya siki huyala. Usitumie gundi ya matone, inakuwa ngumu na kuachia joto likibadilika. Gundi ya mbao inalainika ikipata unyevu, na zile za kuchanganya tyubu mbili hugeuka njano juani.

Paka silikoni mgongoni mwa kipande, si kwenye kioo cha chini. Isambaze kwa kadi ya zamani ya simu hadi unene wa milimita 1, karibu na ukingo uwe mwembamba zaidi. Gusisha ukingo mmoja wa kipande kwanza, halafu kilaze taratibu kama unavyofunga kitabu, hewa itoke upande wa pili. Bonyeza. Inama utazame kwa karibu: viputo vinaonekana kama shilingi za fedha. Ukiviona, ng'oa palepale na urudie, kwani dirishani ndivyo vitakavyoonekana kabla ya mbuyu. Fanya vipande vitatu au vinne kwa wakati. Silikoni ikiwa imeshashika ngozi haigundishi tena.

Kinachofuata ni kusubiri. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani, haikauki kwa joto, na inaanzia pembeni kuelekea katikati. Kiangazi cha Dodoma hakina unyevu wa kutosha, hivyo ile dhana kwamba jua kali litaiharakisha haina ukweli. Acha siku 7 kivulini. Mwezi wa saba au wa nane weka beseni la maji kwenye chumba hichohicho na uongeze siku tatu.

Grauti

Kabla ya kuichanganya, pitisha wembe kwenye kila mwanya na utoe silikoni iliyopanda juu. Grauti haishiki juu ya silikoni. Silikoni ikifika zaidi ya nusu ya kina cha mwanya, grauti itabanduka kama gamba baada ya miezi michache. Ni saa mbili za kazi inayochosha na hakuna njia ya mkato.

Sasa ile nyekundu. Udongo wa Dodoma ni mwekundu na hatuna kioo chake, kwa hiyo uweke kwenye mianya. Theluthi ya chini ya picha, penye ardhi, ipate grauti ya kijivu iliyochanganywa na rangi nyekundu ya unga, gramu 25 kwa kila gramu 500. Ya kijivu inatoa wekundu wa udongo halisi, ukitumia nyeupe utapata waridi. Ukivuka gramu 50 grauti inalegea na kuchafua mikono maisha yake yote. Juu, penye anga na matawi, weka nyeusi. Nyeupe usiiweke, inavuta jicho na kuzifanya rangi zionekane zimepauka.

Fahamu jambo moja kabla hujaamua. Grauti haipitishi mwanga. Mchana, jua likitoka nyuma, mianya yote itaonekana myeusi, hata hiyo nyekundu. Usiku mambo yanageuka: vioo vinazima, na taa ya ndani inaangukia kwenye udongo, ndipo wekundu unaonekana. Picha ina sura mbili, mche unatawala mchana na ardhi inatawala usiku. Irudie sentensi yako uone kama inakubaliana na hilo. Kama haikubaliani, weka nyeusi kote.

Changanya gramu 500 za unga na maji mililita 130 hadi 150, ukitia kidogo kidogo, mpaka iwe kama uji mzito unaokaribia kuwa ugali. Iache dakika 5, koroga tena. Maji mengi yanaifanya iwe rahisi kupaka na inapasuka ikikauka. Isukume mianyani kwa kipande cha mpira, ukienda mshazari ili usiichote tena. Anza na nyekundu, ukiwa umezuia mpaka wake kwa selotepu, na siku ya pili weka nyeusi. Baada ya dakika 10 hadi 15 futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, ukiisuuza mara kwa mara. Ukungu utakaobaki juu ya vioo utoe kwa kitambaa kikavu baada ya saa moja. Ukisubiri hadi kesho utautoa kwa wembe.

Funika kwa nailoni saa 48 na unyunyizie maji mara mbili kwa siku. Upepo wetu unakausha grauti kabla haijajenga nguvu, na nyufa laini zinazoonekana siku ya tatu chanzo chake ni hicho.

Fremu na dirisha

Kioo cha milimita 1 chenye eneo la mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 2.5. Kioo chako cha chini peke yake kina kilo 3, vipande juu yake karibu kilo 1.5, na grauti haifiki nusu kilo. Pamoja na fremu fikiria kilo 6 hadi 7. Mfereji wa aluminiamu kutoka kwa fundi yuleyule aliyekupa mabaki unatosha. Ukipenda mbao, iwe mninga uliokauka kabisa, kwani mbao mbichi itajikunja kiangazi na kukibana kioo hadi kipasuke. Acha nafasi ya milimita 2 kila upande ndani ya fremu na ulaze kioo juu ya vipande viwili vya mpira. Tundika kwa nyaya mbili, sehemu mbili tofauti, kwenye linta (boriti ya zege iliyo juu ya dirisha) au mbao ya dirisha. Plasta peke yake haibebi uzito huo. Kati ya picha na kioo cha dirisha acha sentimita 4 ili hewa ya moto ipite. Vipande vyeusi vinavyobanwa bila hewa hupata joto kuliko vyeupe vilivyo jirani, na ufa unaanzia hapo.

Chagua dirisha la mashariki au magharibi. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jua la mchana linapita juu mno mwaka mzima: Juni liko upande wa kaskazini kwenye kimo cha nyuzi 60 hivi, Desemba upande wa kusini kwenye nyuzi 73. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini, likiwa na paa lililotokeza, litakupa mwanga wa angani tu. La mashariki linapata jua la chini kuanzia linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, na rangi zitatambaa sakafuni. Kama nyumba haina dirisha la mashariki lililo wazi, la magharibi linafaa, ila ongeza kioo kimoja cha ukungu kwenye anga, jua la saa kumi na moja ni kali na litaziunguza rangi nyepesi machoni.

Usafi ni kitambaa kikavu cha pamba mara moja kwa wiki wakati wa vumbi. Siki na dawa za kusafishia choo zisiguse, zinakula grauti.